Jina Nililolitaja Bomani

Alhamisi, Morogoro. Mvua imenyesha tangu alfajiri, milima haionekani. Afadhali. Leo sitaki kutazama upande wa kwa wakwe zangu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu wa ukalimani hapa bomani kwa Wajerumani. Nilidhani nimeizoea kazi.

Asubuhi askari waliingiza watu walioshtakiwa kwa kulima ndani ya mpaka wa msitu wa serikali. Wa tatu alikuwa mama mkwe wangu.

Sisi Waluguru hatumtaji mama mkwe kwa jina. Miaka minane nimemwoa binti yake, na jina lile halijawahi kunitoka mdomoni.

Wajerumani wana "yeye" wa mwanamume na "yeye" wa mwanamke, na wana "wewe" mbili, moja ya heshima. Hiyo wanapeana wenyewe. Sijasikia hata siku moja mtu wetu akiambiwa. Basi mimi huwa natia heshima ya kwetu kimyakimya. Bwana Shauri, Mjerumani anayesikiliza kesi, alipotaka nimwite mama mkwe kwa jina na kumhoji, nikasema, "Shikamoo mama. Bwana anauliza habari za shamba la juu."

Kumbe Kiswahili anakisikia. Akagonga meza. "Mama umemtoa wapi? Mimi nimesema wewe! Taja jina!"

Askari mwenye kiboko alisimama nyuma ya mama, si nyuma yangu.

Nikalitaja.

Mama mkwe hakushtuka. "Mkalimani," akasema, "mwambie bwana wako ndiye mimi. Shamba lilikuwa la mama yangu, na la mama yake."

Siku zote huniita mwanangu. Neno lile "mkalimani" lilinichoma kuliko yote ya leo.

Akaruhusiwa kuvuna maharage yaliyopo, kisha aliache shamba.

Mchana nilimkuta njiani, kaniki yake imelowa. Nilitaka kumwangukia miguuni. Aliponiona akatoka njiani, akaingia kwenye majani yenye maji, akanipa mgongo mpaka nipite, kama mama yeyote wa kwetu anavyompisha mume wa binti yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwake, aliyemtaja jina ni mkalimani. Mkwe wake hakuwamo mle ndani.

Nililia mpaka nyumbani, mtu mzima mimi.

Mke wangu sijamweleza bado. Jumapili nitapanda mlimani nikamsaidie mama yake kuvuna maharage. Lakini kesho asubuhi natakiwa bomani, na orodha ya watu wa msitu haijaisha. Sijui nitamtaja mama mkwe wa nani.