Wageni wa Salimu

Kwako mdogo wangu Bakari,

Salamu nyingi kutoka Kuze. Vile visanamu vya katuni ulivyonituma nimuombe shangazi bado vimepangwa kwenye zidaka za ukutani, vile vile alivyoviacha marehemu mwanawe, Salimu. Shangazi huviita "wageni wa Salimu", maana Salimu alipewa na mabaharia wa Kijapani bandarini, kimoja kimoja. Kila ukifika wakati wa sala huvifunika kwa kikoi cha marehemu, asisali mbele ya sanamu, kisha huvifunua na kuvipangusa vumbi. Nilipoona hivyo, nilishindwa kumuomba anipe.

Leo shangazi mwenyewe akanipa kimoja, kile cha kijana mwenye macho makubwa, na akakata kipande cha kikoi.

"Bakari akisali, amfunike huyu kwa hiki. Na amuombee Salimu dua."

Nakuletea vyote viwili, kipenzi changu. Kitambaa usikifue.

Dadako,
Zuhura