Pete Zilizojipinda

Delft, Novemba

Kwako Dada Tjitske,

Natumaini wewe na watoto mmeamka salama, na kikohozi cha Jelmer kimepungua. Mimi ni mzima wa afya. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini bado anapanda baiskeli kwenda sokoni na hasikii la mtu.

Kuhusu kazi, unaijua ile mitungi yangu miwili ya kioo, mmoja ndani ya mwenzake. Wa ndani huzunguka, na kwenye nafasi iliyo kati ya hiyo miwili kuna maji yenye punje ndogo za plastiki. Maji matupu hujipanga kama pete zilizolaliana. Mwezi Machi nilipozidisha punje, pete zikajipinda, zikawa zinapanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara. Nililia kwa furaha. Profesa Terpstra akanionya nisimwonyeshe mtu mpaka turudie jaribio lote. Rutger, mwenzangu wa maabara, akanitania, "We Froukje, usije ukamsimulia hata muuza samaki!"

Juzi tulikuwa mkutanoni Enschede. Mumeo Wiebe alipopanda jukwaani kuisemea kampuni yake, nilimpigia makofi kuliko wote. Mara kwenye video aliyoionyesha ukutani zikatokea pete zilizojipinda, naye akasema wao ndio wa kwanza kuziona. Rutger akaninong'oneza, "Huo si mkono wako?" Ulikuwa wangu, una plasta kidoleni, unarekebisha taa. Nilimfuata Wiebe wakati wa mapumziko ya kahawa. Akacheka, akanipigapiga begani: "Usinune, shemeji. Sayansi ni ya wote."

Profesa hakunigombeza. Aliniuliza tu video ile nilimpa nani. Nikasema sijui.

Nilimdanganya, dada. Video ile nilimtumia mtu mmoja tu, siku uliponiambia watoto wanataka kuona maji ya mama mdogo yanavyocheza. Nilijipa moyo kwamba Wiebe aliiiba kwenye simu yako. Lakini jana nilipopiga, Jelmer akapokea. Nikamuuliza kama aliyapenda maji yangu. Akasema, "Maji gani? Mama hajatuonyesha kitu."

Kesho nitamweleza Profesa yote, na jina lako nitalitaja. Nimeona ulisikie kwangu kwanza.

Nibusie watoto. Sikukuu ya Sinterklaas nitakuwa kwa Mama. Ukija, njoo bila Wiebe, na usianze kunisalimia kabla hujaniambia kwa nini.

Mdogo wako,
Froukje