Harusi Aliyoikosa Baba Yako

Daugavpils

Mpendwa Snezhana,

Uyoga umejaa msituni mwaka huu, na goti langu limetulia kidogo. Mwanangu, baba yako hakuugua siku ya harusi yako kama tulivyokuambia. Alifika uwanja wa ndege wa Riga amevaa suti mpya. Binti wa kaunta akaifungua pasipoti yake ya asiye raia, ile tunayopewa sisi ambao Latvia haikutupa uraia, akasema, "Mzee, kwa hii, Uingereza wanataka viza."

"Mbona Ujerumani niliingia bila viza?"

"Uingereza ni kwingine, mzee."

"Lakini mimi nimezaliwa hapa hapa Latvia!"

Foleni nzima ikamgeukia. Aliona aibu, akaja kujificha kwangu wiki nzima ili majirani wadhani amesafiri.

Aliporudi kwake, jirani yake Klavdia akamdaka ngazini: "Haya Arkady, tuambie, bibi harusi alipendezaje?" Akamweleza gauni lako kama alivyoliona kwenye picha ulizotutumia, mpaka lesi ya mikono. Kisha akaingia ndani, akajifungia.

Usimwambie nimekuambia. Njoo tu na mumeo, ili akiulizwa habari za mkwewe, awe na la kweli la kusema.

Shangazi yako akupendaye,
Raisa