Usimchinje Kuku Mweusi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima isipokuwa mgongo, ambao wiki hii umebeba mawe ya ghorofa nzima hapa mjini, kwenye mjengo wa Mountain View. Goti lako linaendeleaje? Na Baba, bado anabishana na redio?

Barua hii naituma kwa mkono wa jirani yetu Wafula, kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye zege na sasa ni sehemu ya nguzo. Mama, wageni wanaokuja Jumamosi kumposa dada yangu Nekesa, usiwachinjie yule kuku mweusi. Najua mimi ndiye niliyesema achinjwe. Nilipokuja Pasaka na wale wawili wekundu wa kisasa, nilimwita mweusi mvivu, eti anataga mayai kumi halafu anayalalia wiki tatu bila kazi. Nikaahidi kwamba wekundu watakujazia boma vifaranga.

Nilikosea. Huku Kabiria ninakopanga, nami nilinunua mwekundu mmoja, nikamwekea mayai kwenye karai lenye nyasi kavu. Akayatazama kama mtu aliyekosea mlango, akaenda zake. Jumapili nikamfunika na mayai yake kwa kreti ya soda, nikaikalia. Kanisa likanipita. Mama mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeniuzia, akanikuta hapo.

"Barasa, hiyo kreti unailalia ama?"

"Nangoja kuku azoee."

"Huyo hawezi zoea. Alitoka kwa mashine ya kuangua mayai, mamake kwa mashine, nyanyake kwa mashine. Nani angemfunza?"

"Kwani waliacha lini?"

"Ni sisi tuliwaachisha. Kuku akilalia, hatagi. Asipotaga, anaenda sokoni. Wenye walibaki kuzaa ni wale hawalalii." Akainama kuchungulia ndani ya kreti. "Na jogoo wako ako wapi?"

Jogoo sikuwa nimemfikiria.

Nimelitafakari jambo hili nikipanda ngazi na mawe. Huku mjini kuku anayelalia ndiye hukatiwa kizazi. Huko kwetu, asiyelalia haachi hata kifaranga kimoja. Mweusi si mvivu, Mama. Katika boma letu ni yeye tu anayeijua kazi. Mpe alalie hata mayai ya wekundu, jogoo wetu hana ubaguzi. Wageni wapikie mwekundu mmoja. Firigisi ni firigisi. Mzee wao hatauliza ilikulia wapi.

Msalimie Baba, Nekesa, na shangazi mshonaji, aliyenionya kuhusu hawa kuku nikamcheka. Kama Wafula atafika mmeshamla mweusi, mayai aliyoyaacha yapeleke kwa shangazi, kuku wake ayalalie. Usimwambie ni mimi niliyeomba.

Mwanao,
Barasa