Nilimpa Baba Vidonge Siku ya Kipimo

Shangazi Mshauri, shikamoo. Naomba msaada, maana jambo hili limenikaa kooni miezi minne na sina wa kumwambia. Baba yangu ni mchoraji wa mabango ya maduka, mtaa mzima umeandikwa kwa mkono wake, lakini ugonjwa wa Parkinson umemtetemesha miaka kumi na moja mpaka kijiko hakifiki mdomoni, na dawa siku hizi inamshika muda mfupi tu kisha inamwachia, ndipo madaktari wakasema huenda akafaa kuwekewa nyaya nyembamba ubongoni, ziungwe na betri kifuani, umeme mdogo umtulize. Tulifurahi jamani! Ila kwanza apimwe: asimeze dawa tangu jioni, waone hali yake bila dawa, kisha wampe dawa wapime tena, na tofauti ikiwa kubwa ndiyo dalili kwamba upasuaji utamsaidia. Asubuhi ile nikamkuta amekakamaa kitandani, amejikojolea, analia, nami msusi ninayejulikana na kila mtu nikawaza tutapitaje pale nje mbele ya wateja wangu, basi nikasaga vidonge vyake nikavikoroga kwenye chai, akanywa bila kujua. Akaingia hospitali kwa miguu yake, anatania manesi. Tofauti haikuonekana, wakasema upasuaji hautamfaa. Baba akanishika bega: "Usilie, mama. Mwili wangu ndio umekataa." Juzi amegawa brashi zake zote kwa majirani. Nimwambie, au nitamuua kwa uchungu?

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole hiyo uishike vizuri, kwa sababu sasa nakugombeza. Huruma ulikuwa nayo, sikatai. Lakini chai ile uliikoroga kwa aibu pia, umekiri mwenyewe. Eti utamuua kwa uchungu! Miezi minne anaulaumu mwili wake kwa kosa la mkono wako, na wewe unamtazama tu.

Mwambie leo, mkiwa wawili, bila kujitetea. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Kisha nendeni kwa daktari yule yule, useme ulimpa vidonge vingapi na saa ngapi, uombe kipimo kirudiwe. Sikuahidi kitu. Upasuaji huo hauponyi ugonjwa, wala haumfai kila mtu, na wakisema amechelewa, utaubeba mzigo huo. Lakini angalau jibu litakuwa la kweli.

Siku hiyo beba nguo za kubadili, umsukume kwenye kiti cha magurudumu mbele ya wateja wako, ukiwasalimia. Na brashi zake uzifuate nyumba kwa nyumba. Atakayeuliza kwa nini unazidai, mwambie baba alizigawa kwa kosa lako.