Springi Zote Zimo

Durban,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekalia kreti la soda, maana kiti pekee cha chumba hiki nimekiwekea amplifaya yako ya gitaa. Mwili wangu mzima. Mgongo wako unasemaje, na Mama macho yake? Dada Skola kaniambia maji yamekatika tena hapo Newala, na kwamba umekuwa ukienda kubeba ndoo mwenyewe. Tafadhali acha. Mgongo huo hauna spea.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu unaikata. Mara mbili nimetaja jina la Baba Agnesi, na mara mbili umesema mtandao mbaya. Sasa ninachokiomba nakitanguliza ili usihangaike kukitafuta: nenda Chilangala kwenye arobaini yake, ukaseme mbele za watu kwamba yule mtani wako hakukuibia. Ushahidi ninao, na ushahidi wenyewe umenikamata mimi.

Habari za huku si za kujivunia. Kazi ya kutengeneza redio na amplifaya ipo, ila imepungua, na karatasi zangu za kuishi hapa zimekwisha muda. Mwezi uliopita kundi la watu lilipita mtaani kwetu likigonga milango, likiuliza nani si mwenyeji. Nilizima redio nikakaa sakafuni mpaka wakapita. Nikitoka kuja nyumbani sirudi tena, na nisipotoka ndiyo hivyo, watu wanazikwa mimi sipo. Nakula, nalala, naamka. Sina cha kuongeza hapo.

Uliponikabidhi amplifaya nije nayo ulisema, "Huko kuna mafundi." Fundi mwenyewe mimi, na fundi aliitia uvunguni miaka mitatu. Mchana natengeneza za watu, jioni nachoka, ya baba yangu inangoja. Sina la kujitetea.

Kilichonifanya niitoe ni simu ya Skola baada ya mazishi. Alisema alikwenda peke yake, wewe ulibaki kitandani ukidai mgongo. Alisema jeneza lilipita mpaka kaburini bila mtu kuziba njia kudai chake. Hakuna aliyeigiza alivyokuwa akitembea, hakuna aliyemwambia marehemu kwamba hata leo kachelewa. Mahali pa mtani palikuwa wazi, na watu wakawa wanapaangalia. Mama Agnesi aligeuka mara mbili kutazama barabara ya Newala. Niliposikia hivyo niliikata simu mimi, safari hii bila kusingizia mtandao.

Siku ya pili nikaichomeka. Taa zake za kioo, zile zinazokuza sauti, ziliwaka zote, gitaa likalia vizuri, ila mwangwi ulikuwa hafifu uleule uliokuudhi, kama wa mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Nikaanza na ile taa inayosukuma sauti kwenye springi, maana hiyo huchoka mapema. Nikaweka nyingine, hali ikawa ileile. Nikatikisa kidogo kile kisanduku cha bati kilicho chini, chenye springi zinazotoa mwangwi. Kikiwa kizima, ukikitikisa spika hunguruma. Chako kilinong'ona. Nikachomoa waya unaorudisha sauti kutoka kwenye kisanduku, nikagusa ncha yake kwa kidole, na spika ikanguruma mpaka jirani akagonga ukuta. Basi nikajua amplifaya yenyewe haina tatizo, ugonjwa uko ndani ya bati.

Nilifungua skrubu nikiwa na hakika nitakuta springi zimepungua. Nakiri, Baba, na mimi nilikuwa nimeamini kwamba Baba Agnesi alizitoa. Zilikuwemo zote mbili. Kila moja iko kwenye ndoano yake, na rangi ya kiwandani juu ya ndoano haijakwaruzwa hata na ukucha. Hakuna mkono ulioingia humo kabla ya wangu.

Tena ni nyembamba, Baba. Springi hizi haziwezi kurudisha mlango wa banda la kuku, labda kama kuku wenyewe ni inzi.

Unakumbuka. Baba Agnesi aliiazima kwa harusi ya Chilangala, akairudisha siku ya tatu na akakwambia mwenyewe kwamba mwangwi umekauka. Ukamuuliza kaifanya nini. Akakujibu kama mtani anavyojibu: "Springi zako nimefungia mlango wa banda la kuku. Wewe mwenye mikorosho, kanunue nyingine." Ulicheka, mimi nilikuwepo. Kesho yake hukucheka. Kesho kutwa ukapanda baiskeli hadi Chilangala, ukaukuta mlango wa banda una springi kweli, ukarudi bila kumsalimia mtu. Ile ilikuwa ya tandiko la baiskeli mbovu, kila mtu pale anajua. Aliitaja kwa sababu alikuwa nayo. Lakini wewe ulikuwa hujawahi kufungua lile bati hata siku moja, ungejuaje?

Mtani hakasirikiwi, Baba, ulinifundisha wewe. Mtani anaweza kuchukua jogoo wako huku unamwona, ukamtukana, akakutukana, mkala pamoja. Wewe ukamkasirikia, ukamwita mwizi mbele ya watu walipokuwa wakitoka kanisani. Yeye akangoja urudi kwenye utani. Alingoja miaka minane, mpaka akafa.

Sasa sikia lililobaki. Plagi za kile kisanduku nilizikuta nyeusi tii. Nyaya za shaba za koili, ambazo ni nyembamba kama unywele, zilikuwa zimeliwa. Na chini kabisa, kwenye sponji, kulikuwa na unga wa njano. Niliunusa. Yeyote aliyewahi kupuliza mikorosho anaujua unga huo.

Salfa inakula shaba. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza fomu foo, na ukanituma kuipeleka mifuko ya salfa kwenye banda la nje. Banda lilikuwa mbali na mimi nilikuwa mvivu, na wezi wa salfa walikuwa wengi, nikajipa sababu hiyo. Niliipanga chumbani, nyuma ya amplifaya. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika, nikaugeuza upande uliochanika uelekee mgongo wa amplifaya ili usiuone. Msimu mzima wa kupuliza dawa hukugusa gitaa. Wa kwanza kuiwasha baada ya hapo alikuwa Baba Agnesi. Aliikuta imeshakufa, akairudisha, akapewa kesi.

Kwa hiyo mwizi wa mwangwi wako alikuwa anakula ugali wako kila siku.

Nimezisafisha plagi, na koili moja nimeisuka upya kwa mkono kwa siku nne. Mwangwi umerudi wote. Niligusa uzi mmoja tu nikazima, nilishindwa kuendelea. Nilidhani nitafurahi. Nitasema kweli: lilinijia wazo nikutumie ikiwa imepona, niseme taa ilichoka, yaishe. Wewe ungeridhika, mimi ningebaki fundi wako. Lakini Agnesi alifukuzwa kwenye kwaya yetu akiitwa binti wa mwizi, na mwaka ule nilikuwa nimesimama safu ya nyuma, nikaimba.

Anayekuletea barua hii na mzigo ni Saidi, dereva wa lori, mtu wa Masasi. Anapita Msumbiji, atafika kabla ya arobaini. Ukifungua bati utaona nimekuachia unga kidogo kwenye karatasi ya nailoni. Chukua hiyo uende nayo. Usiseme fundi kasema, wala usiseme mambo ya zamani tusameheane. Simama useme ni Hilari, mwanangu, ndiye aliyefanya, na mimi ndiye niliyetukana. Ningeweza kusimama hapo badala yako ningesimama. Nimelipima hilo kila usiku na kila usiku naona woga wangu tu.

Mama msalimie sana, mwambie dawa ya macho inakuja na Saidi. Skola mpe asante kwa kwenda peke yake. Bibi mzaa Mama mwambie bado sijaoa, asianze. Mwalimu wa kwaya msalimie pia, na umsomee ule mstari wa Agnesi kwenye barua hii, hata kama utamuuma.

Mama Agnesi usimpe salamu zangu. Mpe habari kwanza. Salamu ataamua mwenyewe kama anazitaka.

Mimi mwanao,
Hilari