Mahindi ya Mama wa Idodi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mafinga baridi imetukamata, ila tuko wazima. Umeuliza kwa nini Siku ya Mashujaa babu yako haendi uwanjani, anakwenda kuvuna Idodi.

Aliporudi kutoka vita vya Uganda, tukiwa wachumba, nilimsindikiza kwa mama wa rafiki yake aliyeuawa kule. Mama akatukabidhi vikapu. "Mtalia baadaye. Nguruwe pori wanamaliza mahindi."

Tulivuna mpaka jioni, ndipo akauliza, "Mwanangu siku ile alikuwa amekula?"

"Alikula, mama. Alishiba."

Mama yule ameshafariki, sasa babu yako anawavunia ndugu wa yule rafiki yake. Sijawahi kumuuliza kama ilikuwa kweli.

Mwaka huu magoti yanamsumbua, njoo umbebee kikapu. Na wewe usimuulize.

Bibi yako